Weupe kwenye tumbawe: joto, ugonjwa, au kuna mnyama aliyelila?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi na wanafunzi wenzangu tunajifunza kuzamia na kuhesabu matumbawe. Kila tunapozama tunakuta mabaka meupe, na kila mmoja ana jina lake: huyu anasema ni kupauka kwa joto, yule anasema ni ugonjwa. Tutofautishe vipi? Watafiti nao hujuaje chanzo cha ugonjwa wa matumbawe? Na je, tumbawe likiugua linatibika, au miamba hii inakwisha tu?

Jibu: Marahaba. Nianze na jambo litakalowapunguzia mabishano: siku ya kwanza msiandike jina la ugonjwa. Andikeni mnachokiona: tishu ipo au haipo, ukingo wa baka una umbo gani na rangi gani, na kiunzi kilichobaki wazi kimeota mwani kiasi gani. Jina lisubiri mtakaporudi baada ya siku chache na kupima ukingo umesogea hadi wapi. Hata watafiti waliobobea hufanya hivyo, kwa sababu tumbawe lina njia chache sana za kuonyesha kwamba linaumwa. Linapoteza au kubadilisha rangi, linapoteza tishu, au kiunzi chake kinaota vibaya. Dalili ni hizo tatu, ilhali visababishi ni vingi mno.

Nikisema tumbawe hapa namaanisha kundi zima la polipi, yaani vinyama vidogo vyenye minyiri, walioungana kwa utando mmoja mwembamba wa tishu juu ya kiunzi cha chokaa walichokijenga wenyewe. Ndani ya tishu hiyo wanaishi vimwani vidogo sana. Hivyo ndivyo vinavyowapa polipi sehemu kubwa ya chakula chao, na ndivyo vinavyolipa tumbawe ile rangi ya kahawia au kijani. Sasa weupe una njia mbili za kutokea. Ama vimwani vimetoka na tishu imebaki, ama tishu yenyewe imetoka na kiunzi kimebaki kitupu. Ya kwanza ndiyo kupauka. Tumbawe lililopauka bado li hai. Lina njaa, na joto likishuka mapema linaweza kupona. Ya pili ni kifo cha sehemu ile. Polipi waliotoka pale hawarudi, ingawa tishu ya pembeni inaweza kutambaa na kufunika kidonda kidogo.

Kutofautisha hizo mbili, sogeeni karibu bila kugusa, na tumieni lenzi ya kukuzia au picha ya karibu yenye mwanga wa kutosha. Tishu iliyopauka inaonekana kama utando angavu unaometa, na mara nyingi mtaona minyiri ya polipi. Kiunzi kitupu hakina mng'ao: vikombe vya polipi viko wazi na kuta zake nyembamba ni kali na kavu kwa macho. Angalieni pia mpaka. Kupauka huwa na mpaka unaofifia taratibu, huanza zaidi upande wa juu unaopigwa na jua, na huyapata matumbawe ya jamii mbalimbali katika eneo zima kwa wakati mmoja. Upotevu wa tishu una mpaka mkali: hapa tishu yenye rangi yake kamili, na milimita moja mbele mfupa mtupu.

Halafu someni rangi ya kiunzi nyuma ya mpaka huo. Kiunzi kilichovuliwa tishu karibuni ni cheupe kabisa. Baada ya siku kadhaa huanza kuwa na ukijani, na baada ya wiki kadhaa hufunikwa na zulia la mwani. Mkiona ngazi za rangi zilizopangana, yaani weupe mwembamba karibu na tishu, kisha ukijani, kisha mwani wa kahawia, ukingo unasogea mfululizo na taratibu. Weupe mpana usio na ngazi una maana kwamba tishu imeondoka haraka mno, kabla mwani haujapata nafasi ya kuota. Kama mwani umefika mpaka kwenye tishu na ukingo wa tishu umevimba kidogo na kuwa wa mviringo, kidonda kimesimama na tumbawe linajifunika. Hicho ni kidonda cha zamani. Msikihesabu kuwa ugonjwa ulio hai.

Kabla ya kutaja ugonjwa, watafuteni walaji. Kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayekula matumbawe, hutoa tumbo lake nje na kuyeyusha tishu papo hapo, akaacha baka kubwa jeupe na safi ambalo kwa kawaida huanzia ukingoni au chini ya tumbawe. Mchana hujificha, kwa hiyo chunguzeni chini ya meza za matumbawe na kwenye mianya ya jirani. Konokono wa jenasi Drupella ni wadogo na hujibana katikati ya matawi. Baka lao lina ukingo uliochongokachongoka, na mara nyingi huanzia shinani kwenda juu. Pono huacha alama za meno: kiunzi kimekwaruzwa au kumegwa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, kwani katika magonjwa mengi ya kupoteza tishu kiunzi hubaki kizima kabisa, na kila kikombe cha polipi kiko mahali pake. Baka lisilo na mlaji, lisilo na alama za meno, lenye kiunzi kizima na ukingo mkali, hilo ndilo linalostahili msumari, na nitaueleza msumari huo hivi punde.

Magonjwa yenye rangi ukingoni ni rahisi zaidi. Ugonjwa wa ukanda mweusi, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Karibi, una mkeka mweusi au mwekundu uliokolea wenye upana wa milimita chache hadi sentimita chache, nao hutenganisha tishu hai na kiunzi cheupe. Mkeka huo ni jamii nzima ya vijidudu: sianobakteria wenye umbo la nyuzi, bakteria wanaozalisha salfaidi (kemikali ya salfa yenye sumu), na wengine wanaoitumia. Chini ya mkeka oksijeni huisha na salfaidi hujaa, na mchanganyiko huo ndio unaoua tishu. Ukanda huo husogea kati ya milimita 3 na sentimita 1 kwa siku, na hushamiri miezi ya joto.

Msiuchanganye na ukanda unaokula kiunzi, unaosababishwa na kiumbe wa seli moja aitwaye Halofolliculina corallasia. Ukitazama kwa mbali nao ni mweusi. Ukitazama kwa lenzi utaona ni vitone vyeusi vilivyotawanyika, na vitone hivyo hubaki vimenasa kwenye kiunzi hata baada ya ukingo kupita, kwa sababu ni vifuko vitupu walivyoviacha viumbe hao. Ukanda mweusi wa kweli ni mkeka ulioshikana na hauachi vitone nyuma yake. Kuna pia ukanda wa kahawia, hasa kwenye matumbawe ya matawi ya jenasi Acropora. Ule ukahawia ni viumbe wa seli moja waliojaza matumbo yao vimwani vya tumbawe walilokuwa wakilila.

Ukingo ukiwa mweupe tu, bila ukanda wowote wa rangi, hapo ndipo majina yanapopotosha. Katika Bahari ya Hindi na Pasifiki watafiti hutumia jina la jumla, sindromu nyeupe, nalo ni sahihi kwa sababu linataja dalili tu. Ugonjwa wa kupoteza tishu wa matumbawe magumu, uliogunduliwa mwaka 2014 karibu na Miami katika jimbo la Florida, Marekani, na baadaye kuenea nchi nyingi za Karibi, ni ugonjwa wa upande ule. Unapata jamii zaidi ya 20 za matumbawe, na baadhi ya makubwa yaliyoishi karne nyingi huisha katika wiki au miezi michache. Msiandike jina hilo kwa mabaka ya bahari nyingine eti kwa sababu picha zinafanana. Madoa ya waridi kwenye matumbawe ya jenasi Porites nayo yasiwatishe: tumbawe hilo hugeuka waridi kwa mkwaruzo, kwa mwani unaolibana, na kwa mabuu ya minyoo wanaojificha ndani ya polipi. Andikeni tu “waridi” na umbo la doa.

Sasa msumari. Upigwe msumari mdogo wa chuma kisichoshika kutu kwenye kiunzi kilichokwisha kufa, sentimita 1 hadi 2 nyuma ya ukingo, kamwe usiguse tishu hai. Mnahitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi kwa hilo. Pasipo kibali, tumieni picha yenye rula na alama za asili za tumbawe kama vile shimo au nundu. Pimeni kutoka kwenye msumari hadi ukingo wa tishu katika pointi tatu, kwa sababu ukingo hausogei sawa kila upande. Rudini siku ya 3 au ya 4, ya 7, na ya 14. Tuseme siku ya kwanza wastani ni milimita 12 na siku 7 baadaye ni milimita 33: ukingo umesogea milimita 21 kwa siku 7, sawa na milimita 3 kwa siku. Matumbawe makubwa ya mviringo mengi hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Kwa mwendo huo wa milimita 3, kilichojengwa kwa mwaka mzima kinaondoka ndani ya siku 4. Ndiyo maana ugonjwa unaoonekana kwenye matumbawe machache tu unaweza kubadilisha mwamba mzima kwa muda mfupi.

Kinachoharibu vipimo hivi mara nyingi ni kamera. Picha ya leo ikipigwa kwa kuinama na ya wiki ijayo ikapigwa wima, ukingo utaonekana umesogea hata kama umesimama. Rula ilale juu ya uso uleule wa tumbawe, lenzi iutazame moja kwa moja, na umbali uwe uleule. La pili ni kusahau kuandika joto la maji. Ukingo uleule unaweza kutambaa msimu wa baridi na kukimbia msimu wa joto, na bila joto hamtajua mnalinganisha nini. Kifaa kidogo cha kurekodi joto kila nusu saa, kikifungwa kwenye kina kilekile cha matumbawe mnayoyafuatilia, kina thamani kuliko kamera ya gharama.

Kuhesabu nako kuna mitego. Tandazeni mkanda wa kupimia wa mita 10, hesabuni kila tumbawe lenye upana wa sentimita 4 au zaidi ndani ya upana wa mita 1, mazima na magonjwa, kwa jenasi. Fanyeni mikanda mitatu au zaidi kwenye kina kimoja, na mahali pa kuanzia pachaguliwe kwa kubahatisha kabla hamjazama. Mzamiaji aliyekwisha kuona baka huuvuta mkanda kulielekea bila kujijua, na asilimia inapanda kwa uongo. Idadi ya wagonjwa gawanya kwa idadi ya yote, zidisha kwa 100: wagonjwa 9 katika 180 ni asilimia 5.

Idadi ndogo hudanganya. Chukulieni ugonjwa umeshika matumbawe 2 katika kila 100. Mkichunguza matumbawe 50 tu, kuna uwezekano wa karibu asilimia 36 kwamba hamtaona hata moja lenye ugonjwa, na mtaandika kwamba mwamba ni salama. Mkichunguza 150, uwezekano wa kuukosa unashuka hadi karibu asilimia 5. Kwa hiyo kabla ya kuandika “hakuna ugonjwa,” hakikisheni mmepita angalau matumbawe 150.

Na huu ndio mtego ninaouogopa kuliko yote: asilimia ya wagonjwa inaweza kushuka kwa sababu wagonjwa wamekufa. Mwamba wenye matumbawe 100, wagonjwa 20, una asilimia 20. Miezi michache baadaye 18 wamekufa kabisa, wawili bado wanaumwa, na yaliyobaki hai ni 82. Asilimia sasa ni 2.4, na ripoti itasema hali imeboreka sana! Dawa ya kosa hili ni kuyapa matumbawe namba za kudumu na kuyafuatilia moja moja, ili tumbawe lililokufa libaki kwenye daftari likiwa limekufa.

Swali lenu la pili, chanzo hujulikanaje? Kanuni ya zamani ya tiba inadai hatua nne: kijidudu kionekane kwa wagonjwa na kisionekane kwa wazima, kioteshwe peke yake maabara, kikiwekwa kwa mzima kimletee ugonjwa uleule, kisha kitolewe tena kwa huyo mgonjwa mpya. Kwa matumbawe hatua ya pili ndiyo inayokwamisha. Ute na tishu za tumbawe zima hubeba bakteria wa aina nyingi mno, na wengi wao hawaoti maabara. Pia tishu inapoanza kuoza, bakteria walaji mizoga hujaa pale, na mtafiti asiye makini humkamata aliyekuja mwisho akamwita mwuaji. Ndiyo maana sampuli huchukuliwa tatu tatu: ukingoni mwa kidonda, sehemu nzima ya tumbawe hilohilo, na tumbawe zima la jirani wa jamii ileile. Bila hiyo ya tatu, orodha ndefu ya bakteria haina cha kulinganishwa nacho.

Sampuli za tishu huhifadhiwa kwenye formalini (dawa ya kuzuia kuoza), kiunzi huyeyushwa kwa asidi hafifu, kilichobaki hukatwa vipande vyenye unene wa mikromita chache, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kazi hii ya polepole huonyesha kitu ambacho orodha ya jeni haiwezi: uharibifu umeanzia wapi. Katika ugonjwa ule wa Florida ilionekana kwamba seli huanza kufa ndani kabisa, kwenye tabaka la tishu lenye vimwani, kabla kidonda hakijatokea juu. Hiyo imewafanya watafiti kuuchunguza uhusiano wa tumbawe na vimwani vyake. Mpaka leo kisababishi cha ugonjwa huo hakijathibitishwa, ingawa inajulikana kwamba unaambukiza kwa kugusana na kupitia maji.

Yupo kijidudu mmoja aliyepita hatua zote nne vizuri, na kisa chake kinafundisha. Vibrio coralliilyticus alipatikana kwenye tumbawe gonjwa la Pocillopora damicornis katika mwamba wa karibu na Zanzibar, na akachunguzwa na Yael Ben-Haim na Eugene Rosenberg wa Israeli. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002 na 2003. Kwenye maji ya nyuzi 25 za Selsiasi alilipausha tumbawe. Kwenye nyuzi 27 na 29 aliliyeyusha tishu yote ndani ya wiki mbili. Bakteria yuleyule, tumbawe la jamii ileile. Kilichobadilika ni nyuzi chache za joto, ambazo zilimfanya atoe kwa wingi vimeng'enya vinavyosaga protini. Kwa hiyo mnapoulizana kama ni joto au ni ugonjwa, mara nyingi jibu ni vyote viwili, na mpangilio wake unaweza kupimwa.

Kisa kingine kinaonya. Ndui nyeupe ya tumbawe liitwalo Acropora palmata, iliyoonekana mwaka 1996 karibu na Key West huko Florida, ilihusishwa mwaka 2002 na bakteria Serratia marcescens. Mwaka 2011 ikathibitishwa kwamba aina yake iliyomo kwenye majitaka ya binadamu inaweza kusababisha ugonjwa huo. Lakini katika milipuko ya baadaye mabaka yaleyale yalipatikana bila bakteria huyo. Dalili ileile, chanzo kimebadilika. Ukimwambia mtu jina la ugonjwa, bado hujamwambia chanzo chake.

Hata pasipo kumjua kijidudu, vinavyouongezea ugonjwa nguvu vinajulikana, na hapa ushahidi ni mzuri. Joto ni la kwanza. Satelaiti hukadiria wiki za joto la ziada: kila wiki maji yanapozidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapo, huhesabiwa 1, na jumla huchukuliwa kwa wiki 12. Ikifika 4 tarajieni kupauka kwa kuonekana wazi. Ikifika 8, kupauka kukali na vifo. Msifunge daftari joto likishuka. Katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, baada ya kupauka kwa mwaka 2005, matumbawe mengi yalianza kurudisha rangi, kisha ugonjwa ukayashika, na zaidi ya nusu ya eneo lililofunikwa na matumbawe hai likapotea. Miezi ile inayofuata kupauka ndiyo ya kuzama mara nyingi zaidi.

Mbolea na majitaka ni la pili. Jaribio la miaka mitatu huko Florida Keys, lililochapishwa mwaka 2014, liliongeza naitrojeni na fosforasi kwenye vipande vya mwamba: ugonjwa ukawa mara mbili ya maeneo ya kulinganishia. Virutubisho viliposimamishwa, tofauti ilitoweka chini ya mwaka mmoja. Plastiki nayo: uchunguzi wa miamba 159 katika Indonesia, Australia, Myanmar na Thailand, uliochapishwa mwaka 2018 na Joleah Lamb na wenzake, ulikuta uwezekano wa ugonjwa unapanda kutoka asilimia 4 hadi 89 pale tumbawe linapoguswa na plastiki. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba plastiki ndiyo chanzo, lakini plastiki hukwaruza tishu, huzuia mwanga na hubeba vijidudu. Kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha mwaka 2017, huko Indonesia, kwamba miamba iliyo jirani na nyasi bahari ina ugonjwa karibu nusu ya ile isiyo nazo. Tope linaloinuliwa na uchimbaji wa bandari pia huongeza ugonjwa. Katika ramani yenu, basi, wekeni midomo ya mito, mabomba ya majitaka na mashamba ya nyasi bahari, si matumbawe peke yake.

Tiba ipo, ila ni ya tumbawe moja moja. Kwa ugonjwa wa Florida hutumika amoksilini ya unga iliyochanganywa na mafuta mazito maalumu kwa uzito wa 1 kwa 8. Mafuta hayo hayayeyuki upesi baharini na hutoa dawa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mzamiaji huyabana kwa sirinji kubwa na kuyasukuma kwa kidole chenye glavu kufuata ukingo wote wa kidonda, nusu juu ya tishu hai na nusu juu ya kiunzi. Yakikalia tishu pekee hayashiki; yakikalia kiunzi pekee hayatibu. Pengo dogo likiachwa, ugonjwa hupitia hapo. Kwenye baadhi ya jamii, vidonda vingi sana vilivyopakwa husimama. Lakini dawa haimpi tumbawe kinga: kidonda kipya kinaweza kuibuka upande wa pili wa tumbawe hilohilo, hivyo hurudiwa kukaguliwa kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Na ni antibiotiki baharini, yenye hatari ya kuzoesha bakteria dawa. Isitumiwe kamwe bila kibali na usimamizi wa watu wa tiba za wanyama. Watafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani wamejaribu njia nyingine, bakteria rafiki wa jenasi Pseudoalteromonas aliyetolewa kwenye tumbawe lililohimili ugonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikuwa ya kutia moyo. Kwa ukanda mweusi, mkeka hunyonywa kwa sirinji au bomba na ukingo hufunikwa kwa gundi ya epoksi ya baharini, na katika matumbawe mengi mwendo wake hupungua au husimama.

Ninyi wenyewe msiwe wabebaji. Zameni kwanza kwenye mwamba mzima, mwishoni kwenye ule mgonjwa. Mkitoka, suuzeni vifaa, vilowekeni vile visivyoharibika kirahisi, kama mapezi, rula na mikanda, katika maji yenye mililita 10 za dawa ya kufulia ya klorini kwa kila lita 1, dakika 10, kisha suuzeni tena kwa maji yasiyo na chumvi na kukausha. Maji hayo ya dawa yasimwagwe baharini. Msichukue kipande cha tumbawe kwa ajili ya “kukipeleka maabara”: matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavuki mpaka bila kibali, na kipande kilichokatwa bila mpango kinaacha kidonda kipya.

Je, miamba inakwisha tu? Ripoti ya mtandao wa kimataifa wa kufuatilia miamba ya matumbawe iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria kwamba dunia ilipoteza asilimia 14 ya matumbawe yake kati ya mwaka 2009 na 2018. Mwezi Aprili 2024 ukatangazwa upaukaji wa nne wa dunia nzima. Hayo ni makubwa, na dawa ya sirinji haiyafikii. Yanafikiwa kwa kupunguza hewa chafu zinazopasha bahari joto. Hata hivyo lile jaribio la Florida Keys linaonyesha kwamba mzigo wa ndani, yaani mbolea na majitaka, ukiondolewa, tumbawe hujibu ndani ya mwaka. Na ndani ya jamii moja matumbawe hayafanani. Huko Panama, jaribio la ugonjwa wa ukanda mweupe kwenye Acropora cervicornis lililochapishwa mwaka 2008 lilikuta asilimia 6 ya aina zake za kijenetiki hazikushikwa na ugonjwa. Hao wachache ndio mbegu ya kazi yoyote ya kupandikiza.

Kwa sababu hiyo msiweke namba kwa wagonjwa peke yao. Katika matumbawe mtakayoyafuatilia, wekeni namba pia kwenye mazima ya jamii ileile, kina kilekile, yaliyo ndani ya mita chache kutoka kwa wagonjwa, na yapigeni picha siku zilezile. Tumbawe litakalobaki zima katikati ya jirani zake waliokufa, mahali lilipo pajulikane kwa hakika, na mamlaka ya hifadhi ipewe namba yake mapema.